Ua Liangaze, Nyuma Pawe Giza: Somo la Kupiga Picha za Maua



Kila mwaka, miezi ya Septemba na Oktoba inapofika, kamati nyingi za parokia huanza kuandaa kalenda ya mwaka unaofuata. Kalenda ni chanzo cha mapato kisichohitaji mtaji mkubwa, na waumini huinunua kwa moyo kwa sababu itakaa ukutani miezi 12. Picha inayopendwa zaidi ni ya ua: waridi la bustani ya parokia, yungiyungi la altareni, au haibiskasi iliyochanua uani kwa katekista. Hata hivyo, picha nyingi tunazoletewa zina kasoro moja. Ua lenyewe ni zuri, lakini nyuma yake kuna ukuta uliobanduka rangi, ndoo, kamba ya kuanikia nguo na mguu wa mtu aliyekuwa akipita. Jicho la mtazamaji halijui litulie wapi.

Ndiyo maana wanakamati kadhaa wametuuliza: zile picha ambazo ua linawaka rangi na nyuma yake ni giza tupu, hupigwaje? Je, hupigwa usiku? Je, ni lazima kuwa na studio? Somo la robo hii linajibu maswali hayo. Tutaeleza kwanza giza hilo linatoka wapi, kisha njia tatu za kulipata bila gharama kubwa, na namna ya kuilinda rangi ya ua. Mwishoni tutasimulia jambo ambalo sisi wenyewe tulijifunza kwa aibu, nalo linawahusu wanakamati na wafadhili kwa pamoja.

1. Giza linatoka wapi?

Jambo la kwanza la kushika ni hili: giza la nyuma ya ua si rangi, ni upungufu wa mwanga. Mtu akisimama mlangoni mwa jiko la kuni wakati wa mchana, anaweza kuona kuku walio uani juani na pia sufuria iliyo ndani kivulini, kwa sababu jicho hujirekebisha kila linapohama. Kamera haina uwezo huo kwa kiwango cha jicho. Kwa picha moja hupima mwanga mara moja. Ikiwa kitu kimoja kinapata mwanga mwingi na kingine kidogo, mpigapicha hana budi kuchagua. Akilichagua ua lililo juani, kilicho kivulini kitatoka cheusi, hata kama kwa macho yake anakiona vizuri.

Wapigapicha huhesabu tofauti hii kwa hatua, na kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu. Hatua 1 chini ni nusu ya mwanga, hatua 2 ni robo, hatua 3 ni moja ya nane, na hatua 4 ni moja ya kumi na sita. Kwa uzoefu wetu, sehemu ya nyuma ikiwa chini ya ua kwa hatua 3 huanza kuzama gizani, na ikifika hatua 4 au zaidi majani na matawi ya nyuma hupotea kabisa. Habari njema ni kwamba tofauti hiyo tunayo bure. Kati ya jua la wazi na kivuli kizito cha mti, au ndani ya chumba kisicho na taa, tofauti hufika hatua 3 na mara nyingi huzidi.

Lakini kuna mtego. Kipimo cha mwanga kilicho ndani ya kamera huchukulia kwamba vitu vilivyo mbele yake, vikichanganywa pamoja, vina wastani wa kijivu cha kati, yaani kama kitu kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Kamera ikielekezwa kwenye weusi mwingi, hudhani mahali hapo hapana mwanga wa kutosha, nayo huongeza. Matokeo yake kitambaa cheusi hutoka cha kijivu, na ua hupauka kama nguo iliyokaa juani mwaka mzima. Wengi hukata tamaa hapo na kudhani kamera yao ni mbovu. Si mbovu, inasubiri kuambiwa.

Kwenye kamera nyingi kuna kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Anza na kutoa 1, kisha jaribu kutoa 2. Kwa simu za kisasa, gusa ua kwenye kioo na ushikilie kidole mpaka kipimo kifungwe, kisha teremsha alama ndogo ya jua inayojitokeza pembeni. Teremsha taratibu huku ukilitazama ua, si nyuma yake. Ua likifikia rangi yake halisi, simama hapo. Ikiwa mwanga umepangwa vizuri, nyuma itakuwa imezama yenyewe.

2. Njia tatu za kupata giza

*Njia ya kwanza: kivuli kilichopo.* Tafuta ua linalopigwa na jua ambalo nyuma yake kuna kivuli, kama vile uzio wa miti, sehemu ya chini ya mwembe, au mlango ulio wazi. Ua usilihamishe, hama wewe. Mara nyingi kupiga hatua mbili kushoto, au kuchutama, kunatosha kuliondoa bati linalong'aa nyuma ya ua na kuweka kivuli mahali pake. Wakati mzuri ni asubuhi kati ya saa 1 na saa 3, jua likiwa bado linatoka pembeni, kwa sababu hulifikia ua kabla halijaingia chini ya miti. Faida nyingine ya asubuhi ni kwamba upepo huwa bado umetulia.

*Njia ya pili: mlango.* Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa kila kamati, kwa kuwa haihitaji kununua chochote. Chukua chungu cha ua au chupa yenye ua lililokatwa bustanini, ukiweke juu ya kigoda kwenye kizingiti cha mlango wa stoo. Funga madirisha ya stoo na uzime taa. Mpigapicha asimame nje, akiangalia ndani. Mwanga wa nje utaliangukia ua, na stoo iliyo nyuma, ikiwa na kina cha mita 3 au zaidi, itakuwa giza lisilo na mkunjo wala doa. Hakikisha tu kwamba hakuna chombo cheupe au kinachong'aa ndani, kwa mfano beseni la aluminiamu, kwani kitajionyesha kama jicho la paka. Njia hii inafaa hata siku ya mawingu.

*Njia ya tatu: kitambaa cheusi.* Kitambaa bora ni mahameli, kwa sababu manyoya yake mafupi humeza mwanga badala ya kuurudisha. Kaniki mpya nayo inafaa sana ikinyooshwa. Satini na kitambaa chochote cha kung'aa havifai, hata viwe vyeusi namna gani, kwani huonyesha mistari ya mwanga. Kosa la kawaida ni kukiweka kitambaa kikigusana na ua. Hapo kitambaa kinapata mwanga uleule unaolipata ua, na kila mkunjo unaonekana. Kiweke mbali walau mita 1.

Sababu ya umbali huo inahesabika. Mwanga wa taa ndogo, kama tochi au flashi ya kamera, hupungua kwa mraba wa umbali: umbali ukiwa mara mbili mwanga unabaki robo, ukiwa mara tatu unabaki moja ya tisa. Sasa tuseme tochi iko nusu mita kutoka kwenye ua, na kitambaa kiko mita 1 nyuma ya ua. Kutoka kwenye tochi hadi kitambaani ni mita 1 na nusu, yaani mara tatu ya umbali wa ua. Kitambaa kitapata moja ya tisa tu ya mwanga, nayo ni zaidi kidogo ya zile hatua 3 tulizozitaja. Nacho kwa asili ni cheusi, hivyo kitapotea kabisa.

Kwa njia zote tatu, vifaa vya kuandaa ni hivi:

- Simu au kamera yoyote inayoruhusu kupunguza mwanga.
- Kaniki au mahameli nyeusi yenye urefu wa mita 1 na nusu hivi, kwa njia ya tatu.
- Karatasi nyeupe moja ya kurudisha mwanga kwenye upande wa ua ulio kivulini.
- Stendi ya miguu mitatu, au kigoda chenye mfuko mdogo wa maharage juu yake wa kulazia kamera isitikisike.
- Msaidizi mmoja wa kushika kitambaa na kukinga upepo. Kijana wa kipaimara anafaa, naye atajifunza kazi.

3. Rangi iwake bila kuungua

Kupata giza ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuilinda rangi.

Kwanza, epuka jua la utosini. Saa 6 mchana mwanga huliangukia ua kutoka juu, huacha mabaka meupe kwenye petali na kufunika rangi kama mafuta yaliyoelea juu ya maji. Siku yenye mawingu mepesi, au kivuli cha upande wa nyumba kinachopata mwanga wa anga, huonyesha rangi iliyo nzito na tulivu zaidi. Hapo tumia njia ya mlango.

Pili, jaribu mwanga unaotoka nyuma au pembeni. Petali nyingi ni nyembamba, na mwanga ukipita ndani yake ua huwaka kama kioo cha rangi cha dirisha la kanisa. Haibiskasi na alizeti huonyesha jambo hili vizuri. Kinga lenzi kwa kiganja ili jua lisiingie moja kwa moja, na hakikisha kiganja hakionekani kwenye picha.

Tatu, kuwa mwangalifu na maua mekundu. Kamera ya dijitali hurekodi picha kwa sehemu tatu: nyekundu, kijani na bluu. Ua jekundu huijaza ile sehemu ya nyekundu kabla nyingine hazijafika kati, na kipimo cha jumla bado kikasema mwanga ni sawa. Ndiyo sababu waridi jekundu mara nyingi hutoka kama doa moja la rangi, bila petali wala mishipa. Dawa ni kupunguza mwanga zaidi. Maua meupe nayo huharibika haraka kwa mwanga uliozidi. Kanuni rahisi ni hii: kuza picha kwenye kioo na uitafute mishipa ya petali. Ikiwa huioni, punguza na upige tena. Kilichoungua kwa mwanga hakirudi, lakini kilichokosa mwanga kidogo kinaweza kuongezwa baadaye kwenye kompyuta.

Nne, zima msaada usiouhitaji. Simu nyingi hujaribu kuonyesha kilicho kivulini na kilicho juani kwa pamoja, kwa kuunganisha picha kadhaa. Kwa picha ya umati ni jambo jema, lakini kwa kazi yetu huliharibu giza tulilolitafuta. Zima kipengele hicho pamoja na kile cha kupigia picha usiku, ikiwa simu yako inaruhusu. Pia usichanganye mwanga wa dirisha na wa balbu ya njano, kwa sababu upande mmoja wa ua utageuka manjano na mwingine bluu.

Tano, usiizidishe rangi kwa programu ya kompyuta. Aliyelipanda ua anajua lilikuwa na rangi gani, na atakapoiona kalenda atakuwa wa kwanza kusema kwamba hilo si lake.

4. Darasa la msituni: urujuani wa Usambara

Mahali ambapo giza na rangi vimekutana bila kupangwa na mtu ni kwenye misitu ya milima ya Usambara, mkoani Tanga. Humo, juu ya miamba yenye kivuli na unyevu, huota mmea mdogo wenye majani ya manyoya yaliyotandaa chini na maua ya rangi ya urujuani yenye kitovu cha manjano. Mwaka 1892 ofisa wa serikali ya Kijerumani huko Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliupeleka kwa baba yake Ujerumani. Hermann Wendland, aliyesimamia bustani za Herrenhausen mjini Hannover, aliueleza kitaalamu mwaka 1893 na kuupa jina la Saintpaulia. Tangu 2015 wataalamu wa mimea wanauhesabu ndani ya jamii ya Streptocarpus, lakini jina la zamani bado linatumika sana. Leo ua hili linapandwa kwenye vyungu na kukaa madirishani katika nchi nyingi duniani, wakati mimea yake ya porini inapatikana Tanzania na kusini mwa Kenya tu.

Kwa mpigapicha, ua hili ni mwalimu mzuri. Halihitaji kaniki, kwa kuwa nyuma yake kuna ufa wa mwamba ambao mwanga haufiki. Kinachohitajika ni subira. Msituni mwanga ni mdogo, hivyo kamera hulazimika kukaa wazi kwa muda mrefu kidogo, na mkono ukitikisika picha huharibika. Ilaze kamera juu ya mfuko wa maharage, tumia kipengele cha kuchelewesha ili isitikiswe na kidole, na usogeze karatasi nyeupe upande wa pili wa ua. Kumbuka pia kwamba kamera nyingi hukosea urujuani na kuugeuza bluu. Ilinganishe picha na ua ukiwa hapohapo, na ubadilishe mpangilio wa rangi uwe wa kivuli au wa mawingu mpaka vifanane.

Jambo moja ni marufuku: usichume wala using'oe. Mmea huu unategemea kivuli cha miti. Miti ikikatwa, mwamba hukauka na mmea hufa. Pale ulipobaki, ubaki. Kwenye maeneo yaliyohifadhiwa, kama Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani iliyoanzishwa mwaka 1997, fuata taratibu za hifadhi na umtii mwongozaji. Ukitaka urujuani wa kupiga picha mlangoni, tumia uliooteshwa kwenye chungu. Huoteshwa kwa urahisi kutokana na jani moja tu.

5. Kabla ya kupeleka kwa mpiga chapa

Picha nzuri kwenye simu inaweza kuwa mbaya kwenye karatasi. Kwa kalenda ya ukubwa wa A4, wapiga chapa huhitaji nukta 300 kwa kila inchi, yaani pikseli 2,480 kwa 3,508 hivi. Usiipeleke picha kwa kuituma kama picha ya kawaida ya mazungumzo ya simu, kwani huminywa na kupoteza ubora. Itume kama faili kamili au ipeleke kwa flashi ya kompyuta.

Ikumbukwe pia kwamba weusi mwingi hunywa wino mwingi. Kwenye karatasi hafifu wino huo huchelewa kukauka na kuchafua ukurasa unaofuata, na herufi ndogo nyeupe zilizoandikwa juu ya weusi huzibwa. Chagua karatasi nzito kidogo, weka tarehe kwenye sehemu nyeupe, na uombe nakala moja ya majaribio kabla ya kulipia nakala 500.

6. Tulichokificha gizani

Sasa tufike kwenye lile tuliloliahidi.

Miaka kadhaa iliyopita tuliweka kwenye ukurasa wa mbele wa jarida hili picha ya waridi jekundu. Lilitoka kwenye bustani ya kikundi cha akina mama katika milima hiyohiyo ya Usambara. Tulilipiga mlangoni mwa stoo ya parokia, kwa njia ya pili tuliyoieleza hapo juu. Lilitoka vizuri mno. Kila mshipa wa petali ulionekana, tone la maji lilining'inia ukingoni, na nyuma palikuwa giza kama usiku usio na mwezi. Watu walilisifu, nasi tukafurahi.

Tulipopeleka nakala kwa kikundi, mama mmoja aliitazama ile picha kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ua ni letu kweli. Lakini wanangu, shamba letu mmelipeleka wapi?"

Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, kwa kuwa alikuwa amesema kweli. Bustani ile iko kwenye matuta waliyoyachimba kwa jembe la mkono kwenye mteremko mkali. Kila ndoo ya maji ilipanda kutoka kijitoni kichwani mwa mtu. Ndani ya jarida lilelile, ukurasa wa 4, tulikuwa tumechapa ombi lao la bomba la maji. Na ukurasa wa mbele tuliweka waridi lenye tone la umande, lisilo na udongo, ndoo wala mtu. Nani angeitazama picha ile akaamini kwamba bustani hiyo ina shida ya maji? Haikupita muda tukapata barua ya mfadhili mmoja wa siku nyingi, akiuliza kwa upole kama bado tunawasaidia wakulima wadogo au tumeanza kununua maua ya dukani.

Hatukudanganya kwa maneno. Tulidanganya kwa giza. Mbinu ileile inayoondoa ndoo na kamba ya nguo nyuma ya ua, huondoa pia kazi ya aliyeipanda bustani. Ni mbinu nzuri kwa kalenda, lakini ni mbinu ya hatari kwa taarifa.

Tangu hapo tumekuwa tukimkumbuka mjane mmoja wa Uingereza, Mary Delany. Alizaliwa mwaka 1700, na mumewe wa pili, padri wa Kianglikana, alifariki mwaka 1768. Akiwa na umri wa miaka 72 alianza kazi ya kukata karatasi za rangi vipande vidogovidogo na kuvibandika juu ya karatasi nyeusi ili kufanya mfano wa maua halisi yaliyo mbele yake. Aliendelea kwa miaka 10 hivi, mpaka macho yalipomwishia nguvu, akaacha picha karibu 1,000, ambazo sasa zimehifadhiwa kwenye British Museum mjini London. Maua yake yanawaka juu ya weusi kwa namna ambayo mpigapicha wa leo angeionea wivu. Lakini nyuma ya kazi zake aliandika jina la mmea, mahali na tarehe, na kwa baadhi jina la mtu aliyempa mmea huo. Mbele aliweka giza, nyuma aliweka habari. Hakuna kilichopotea.

Nasi tumejiwekea utaratibu kama huo, na tunaziomba kamati zote zitumie:

1. Kila ua lipigwe picha mbili. Ya kwanza iwe ya giza, kwa ajili ya kalenda au kadi. Ya pili ipigwe pale linapoota, ikiwa na udongo, ndoo, matuta na mwenye shamba akiridhia kuonekana.
2. Picha ya giza isitumike peke yake kwenye taarifa ya mradi wala kwenye ombi la fedha.
3. Chini ya picha ya kalenda paandikwe jina la ua, mahali lilipoota, mwezi lilipopigwa, na jina la kikundi au mtu aliyelipanda, kama amekubali.
4. Mapato ya kalenda yakigawanywa, wenye bustani wakumbukwe. Ua lao ndilo lililouza.

Kwa wafadhili wetu tunaomba jambo moja. Mnapoletewa picha nzuri yenye giza nyuma, furahieni, kisha ulizeni ile ya pili. Hamtakuwa mmetuvunjia heshima. Mtakuwa mmemsaidia yule mama kupata jibu la swali lake.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Tuzitazame picha tatu za mwisho tulizozituma kwa wafadhili. Ni kitu gani kilichopo parokiani kwetu ambacho hakionekani ndani yake?
2. Ni mlango gani hapa parokiani unaofaa kwa njia ya pili, na jua hulifikia eneo hilo saa ngapi?
3. Je, kuna mimea ya porini katika eneo letu inayochumwa au kung'olewa kwa ajili ya mapambo? Tunaweza kuotesha nini badala yake?
4. Nani katika parokia yetu, hasa miongoni mwa vijana, anaweza kukabidhiwa kazi ya kupiga picha na kuandika maelezo yake kwenye daftari?

Tunashauri kamati ifanye zoezi moja kabla ya kikao kijacho: wajumbe wawili wapige picha ua moja kwa njia zote tatu, wapige na ile ya pili ya bustani, kisha wazilete zote mezani. Mtajifunza kwa nusu saa kuliko kwa kusoma somo hili mara mbili.

Waridi la yule mama tulilipiga tena msimu uliofuata. Safari hii lilikuwa kwenye tuta lake, naye amesimama pembeni akiwa na ndoo, amekunja uso kwa sababu ya jua. Tuliiweka picha hiyo kwenye ukurasa wa mbele, na lile la giza tukaliweka kwenye kalenda, jina la kikundi likiwa chini yake. Alipoletewa zote mbili alizipokea, akasema kalenda ataitundika sebuleni, na jarida atawapelekea watoto wake walioko mjini.